Maua yamechanua Februari, je mvua ndefu imeingia mapema?

Kila mwaka ikifika katikati ya Februari hivi maneno huanza. Nakuru inanyesha jioni mbili zikifuatana, Kisumu kunapiga radi usiku mpaka mabati yanatetemeka, na kesho yake watu wanatumiana picha: mwembe umetoa majani mekundu mekundu, kahawa imejaa maua meupe, terere imejiotea kando ya bafu, kumbikumbi wamejazana chini ya taa ya nje. Halafu swali linakuja, mvua ndefu, ile ya Machi mpaka Mei, imeingia mapema ama? Wengine wanakimbia agroveti kununua mbegu kabla bei ipande, wengine wanasema ngojeni kwanza, na siku hizi kuna kikundi cha tatu, watu wanaoangalia sana video za bustani za Ulaya na Marekani, hao wanasema ati springi imefika mapema. Hii mada naipenda sana, na inaniuma nikiona mtu amepoteza mbegu ya msimu mzima kwa sababu aliona maua akadhani ni mvua, kwa hivyo hebu tutenganishe hivi vitu polepole.

Tuanze na hiyo springi. Kwenye nchi za baridi kama Uingereza ama Japani mwaka unagawanywa na joto. Kuna miezi ardhi inakuwa baridi kabisa, miti imepukutisha majani na imelala, halafu mchana unaanza kurefuka, udongo unapata joto na mimea inaamka. Hayo ndiyo majira ya machipuko. Mti wa huko unafuata vitu viwili, baridi kiasi gani umepitia, na joto kiasi gani limekuja baada ya hiyo baridi, kwa hivyo joto likiwahi maua nayo yanawahi. Wajapani wana kumbukumbu za kuchanua kwa miti ya cheri mjini Kyoto tangu karne ya 9, na mwaka 2021 maua yalifika kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia kwenye hizo kumbukumbu za miaka zaidi ya 1,200. Wao wakisema springi imewahi wana kitu cha kupimia.

Sisi huku Kenya ikweta inapita Maseno, si mbali na Kisumu mjini, na upande wa Nakuru inapita karibu na Mogotio. Mchana wetu ni masaa 12 na dakika chache, Januari mpaka Disemba. Joto nalo halipishani sana kutoka mwezi mmoja hadi mwingine, kinachobadilisha joto kwetu ni mlima na bonde: Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru mjini karibu mita 1,850, na ukipanda Molo unaongeza sweta. Kwa hivyo mimea yetu mingi haingoji joto iamke, inangoja maji. Ukitaka kuona mti unaotafuta springi ukaikosa, angalia pichi ama plamu zilizopandwa kule Njoro na Molo, asili yake ni nchi za baridi na inatakiwa ikusanye masaa mengi ya baridi ndio ichanue kwa pamoja, sasa baridi yetu haifiki hapo, ndio unaona mti mmoja tawi hili lina maua na lile lina matunda. Huo mti haukuambii chochote kuhusu mvua.

Springi tumeiweka kando. Sasa kuna vitu viwili ambavyo watu wanaviita jina moja, mvua kunyesha na msimu kuanza. Mvua ikinyesha, imenyesha, hakuna ubishi. Lakini msimu kuanza maana yake imenyesha ya kutosha na itaendelea. Kipimo ambacho wataalamu wengi wanatumia kinakaribia hiki: zipatikane milimita 20 ama zaidi ndani ya siku tatu, halafu katika mwezi unaofuata kusitokee ukavu wa zaidi ya siku 10 hivi. Namba zinabadilika kidogo kulingana na mahali na anayepima, ila angalia vile hicho kipimo kimejengwa. Nusu ya kwanza inaongea juu ya kitu kilichotokea tayari, na nusu ya pili inaongea juu ya mwezi ambao haujafika. Mzozo wote wa Februari uko hapo katikati. Bustani yako inaweza kukuambia ile nusu ya kwanza vizuri sana. Nusu ya pili haiwezi, hata maua yawe mengi namna gani.

Mtu yeyote amepanda matatu pale stage anajua ile hali: gari linanguruma, linasonga mbele mita mbili tatu, kondakta anapiga bodi, unajua sasa tumetoka, halafu dereva anarudi nyuma kungoja viti vijae. Mvua ya Februari mara nyingi iko hivyo. Injini imewaka kweli, gari limesonga kweli, na bado safari haijaanza.

Na inatoka wapi hiyo mvua kama msimu bado? Mvua ndefu yetu, ile ya Machi mpaka Mei, inaletwa na ukanda ambapo pepo za kusini na pepo za kaskazini zinakutana, hewa inapanda juu, inapoa, mawingu yanajengeka. Ule ukanda unalifuata jua, lakini unachelewa kidogo nyuma yake. Januari uko kusini, wakati huo wenzetu wa kusini mwa Tanzania, Zambia na Malawi ndio wananyeshewa. Jua linapita juu ya ikweta karibu tarehe 20 Machi, na ukanda unapanda kuja kwetu. Sasa kabla haujafika kuna vitu vingine vinaweza kusukuma unyevu mpaka kwetu. Mara pepo zinageuka kwa siku chache zikaanza kuvuma kutoka magharibi, upande wa Kongo, zikiwa zimebeba unyevu mwingi, na hiyo hutokea sana kukiwa na kimbunga baharini mashariki ya Madagaska. Pepo zikirudi njia yake ya kawaida, jua linarudi na vumbi linarudi. Kimbunga kikikaa upande ule mwingine, kati ya Madagaska na Msumbiji, kinaweza kufanya kinyume kabisa, kinavuta unyevu kuelekea kwake. Machi 2019 wakati kimbunga Idai kinapiga Beira, sisi huku tulikuwa tunaangalia mbingu nyeupe na mvua ndefu ilichelewa, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Machi 2018, mvua ilikuwa imemwagika vibaya mno mapema. Yaani kitu kinachoamua kama mahindi yako Bahati ama Rongai, huko Nakuru, yataota kinaweza kuwa kinatokea baharini, mbali sana na macho ya mwembe wako.

Kwa watu wa Kisumu, Homa Bay, Siaya na Busia kuna jambo lingine tena, ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuingia bara, unakutana na vilima vya Nandi na Kericho, hewa inapanda na jioni kunanyesha, mara na mvua ya mawe. Usiku inageuka, nchi kavu inapoa, upepo unaelekea ziwani na radi zinapigia huko juu ya maji mpaka asubuhi, wavuvi wanajua hiyo vizuri sana. Huu mtambo unafanya kazi karibu mwaka mzima. Ndio maana radi ya Februari Kisumu si habari kubwa vile ingekuwa habari Nakuru, na Kakamega ndio kabisa, huko hakuna mwezi unapita bila mvua, Januari na Februari ni miezi tu ya mvua kidogo. Kwa hivyo mtu wa Kakamega akikwambia "huku tumeshapanda", hiyo ni taarifa ya Kakamega. Usiibebe mpaka Gilgil.

Haya, turudi kwa dalili zenyewe, maana hapa ndipo kuna utamu. Mimi nikiangalia dalili yoyote najiuliza swali moja, hiki kitu kinajibu nini? Maana mimea na wadudu karibu wote wanajibu, hawatabiri.

Kahawa ndio mfano safi. Mbuni unatengeneza vichomozo vya maua halafu vinasimama, vinalala wakati wa kiangazi. Ikinyesha mvua moja nzuri baada ya ule ukavu, vinaamka, na baada ya wiki moja ama siku 10 hivi shamba lote linakuwa jeupe na linanukia, maua yanakaa siku mbili tatu yanaisha. Kwa hivyo ukiona kahawa imechanua Bungoma ama Subukia leo, jua kulinyesha wiki iliyopita. Ni ujumbe wa zamani. Haujui kama wiki ijayo itanyesha.

Kumbikumbi hivyo hivyo. Wanatoka kwa sababu udongo umelainika na hewa ina unyevu, miili yao haiwezi kuvumilia ukavu na wakishatua wanatakiwa kuchimba. Watu wa Magharibi wanalijua hili kwa vitendo kuliko kitabu chochote, maana wakitaka chiswa, ama ngwen kwa Wajaluo, wanagonga vijiti pale kwenye kichuguu kama matone yanavyogonga na wadudu walio tayari wanatoka. Mdudu anayeweza kuitwa na vijiti huwezi kumkabidhi kalenda yako ya kupanda. Mle tu na ugali, ni chakula kizuri sana.

Magugu nayo yananifurahisha kuliko dalili zote. Ile terere, managu na saga zinazoota zenyewe baada ya mvua ya kwanza, watu wanasema "ona, hata ardhi inajua msimu umefika". Ukichunguza utakuta udongo umejaa mbegu za miaka mingi na mvua ya kwanza inaotesha sehemu tu, zingine zinabaki zimelala zikingoja mvua ya pili, ya tatu, hata ya mwaka ujao. Kundi la kwanza likikauka ukoo hauishi. Magugu yenyewe hayajaamini mvua ya Februari, yameweka kidogo tu. Sasa mtu anachukua mfuko mzima wa mbegu ya mahindi anaumwaga wote siku moja.

Kuna dalili zinazojibu ukavu, na hizi zinachanganya watu zaidi. Mti wa murembe unatoa maua yake mekundu ukiwa hauna majani, katikati ya kiangazi. Miti mingi ya savana zetu hutoa majani mapya kabla hata tone halijaanguka, kwa kutumia maji iliyoweka ama inayovuta chini kabisa ambako jembe lako halifiki. Ni kweli hii miti inatangulia msimu, na wazee hawakukosea kuiangalia. Lakini inatangulia kwa wiki kadhaa na haikupi tarehe, na maji inayotumia si yale mbegu yako itatumia. Mbegu ya mahindi iko sentimita tano chini. Mti uko na mizizi ya mita nyingi. Hawako kwenye shamba moja hata kama wako kwenye ploti moja.

Ndege pia. Yule ndege wa mvua mwenye sauti ya noti tatu, anayerudia rudia mpaka unachoka, anakula viwavi, na viwavi vinakuja majani yakiwa machanga, kwa hivyo yeye anafuata chakula. Halafu mbayuwayu wale wenye mkia wa panda wanaojipanga kwa nyaya za stima, hao kufikia Machi na Aprili wanaondoka kurudi Ulaya, na huko watu wakiwaona wanafurahi wanasema springi imefika. Wakiondoka kwako wanafuata safari yao ya kila mwaka, si mawingu ya Nyalenda pale Kisumu.

Bustani ya nyumbani inadanganya kuliko shamba, na hili halizungumzwi. Angalia ule mwembe wako unaochanua kabla ya wa jirani, mara nyingi uko karibu na maji ya bafu ama pale mnapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Ukuta wa mawe unaokaa na joto la jua mpaka usiku unaharakisha nyanya zilizo karibu nao. Mabati yanakusanya mvua ya paa zima na kuimwaga sehemu moja, sasa mvua ya milimita tano pale kwenye mfereji inaonekana kama imenyesha siku nzima. Ukitaka kusoma msimu, toka hapo kando ya nyumba, nenda katikati ya uwanja.

Na ukifika hapo katikati fanya vitu viwili rahisi. Weka mkebe wenye pande zilizonyooka, hata ule wa mafuta ya Kimbo, mbali na miti na paa, na asubuhi pima maji kwa rula. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, kwa hivyo milimita 20 ni kama umemwagia kila mita mraba ya shamba mtungi mzima wa lita 20. Ukipima hivyo utashtuka, maana mvua nyingi zinazotetemesha mabati zinakuja na milimita saba ama nane tu. Na jua la Februari linaweza kurudisha juu kama milimita tano kwa siku, hesabu hapo uone hiyo mvua inakaa siku ngapi. Kitu cha pili, chukua panga, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, shika udongo wa chini kabisa uufinye. Ukishikana na kubaki donge, maji yamefika. Ukimwagika kama unga, mvua ililowesha ngozi tu. Udongo wa Nakuru ule wa majivu ya volkano ni mwepesi, unapitisha maji haraka na unakauka juu haraka, wa uwanda wa Kano ni mweusi wenye nyufa, mvua ya kwanza inaingia ndani ya nyufa na juu panabaki pagumu, kwa hivyo Kano chimba katikati ya nyufa, usichimbe kwenye ufa.

Hii ina maana kubwa kwa mbegu. Mahindi yanahitaji kunyonya maji karibu theluthi moja ya uzito wake ndio yaanze kuota, maharagwe yanahitaji karibu nusu. Mvua ndogo inaweza kutosha kuamsha mbegu na isitoshe kuifikisha juu, na mbegu ikishaanza kuota hairudi kulala. Hasara ya kupanda mapema inatoka hapo, na ndio hatari kubwa ya wale wanaopanda kwenye vumbi wakingoja mvua. Wenye ekari nyingi na trekta ya kukodi wanaelewa kwa nini wanachukua hiyo hatari. Wewe mwenye kipande nyuma ya nyumba huna sababu.

Ile nusu ya pili sasa, mwezi ujao utakuwaje. Hapo kuna Idara ya Hali ya Hewa, wanatoa utabiri wa mvua ndefu kabla ya msimu, wanataja lini inatarajiwa kuanza kila kanda na lini kuisha, na kuna ofisi zao kwenye kaunti zinazopunguza huo utabiri mpaka kiwango cha kaunti, kisha kuna ule wa siku saba. Watu wengi wanaukataa kwa sababu wanausoma vibaya. Wakisema mvua itakuwa karibu na kawaida, hiyo kawaida ni wastani wa miaka 30 wa mahali pale pale, si ya nchi nzima. Kawaida ya Kakamega ni karibu mara mbili ya Nakuru. Na wakisema juu ya kawaida hawajasema itanyesha kila siku, msimu unaweza kumwaga maji mengi kwa wiki mbili na kukuacha mkavu wiki tatu, jumla ikatoka kubwa na mahindi yakafa. Kwa hivyo ukisoma usiishie kwa rangi ya ramani, tafuta tarehe ya kuanza na vile mvua itasambaa.

Na hapa sipendi vile watu wanapiganisha utabiri wa setilaiti na ujuzi wa wazee. Ukoo wa Nganyi kule Bunyore, kaunti ya Vihiga, wanaojulikana kwa vizazi vingi kwa kutabiri mvua, wamekuwa wakikaa pamoja na wataalamu wa hali ya hewa, kila upande unaleta unachokiona halafu wanakubaliana ujumbe mmoja kwa wakulima. Kama hao wanaweza kukaa meza moja, sisi tunabishania nini? Dani yako, yaani nyanya yako, anayesema kichuguu kinamwambia kitu ana macho ya miaka mingi mahali pamoja, na hiyo ni hazina ambayo hakuna setilaiti iko nayo kwa kiwango cha ploti yako. Muulize tu swali la pili: na mwaka ule ilikauka tena, uliona nini?

Wengine wataniambia ni mabadiliko ya tabianchi, misimu imekwisha, hakuna cha kusoma. Hali ya hewa inabadilika kweli, na mvua ndefu imeyumba sana, ilipungua kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1980 halafu tukapata miaka ya mafuriko kama 2018 na 2024. Lakini mwembe mmoja kuchanua mapema mwaka mmoja hauthibitishi hilo. Wajapani waliandika tarehe. Sisi tuandike pia, daftari la shule la bei rahisi linatosha, tarehe ya maua ya kwanza, tarehe ya kumbikumbi, milimita kwenye mkebe, kina cha unyevu. Baada ya miaka michache utakuwa unajua bustani yako hujibu nini na ndani ya siku ngapi.

Mvua ya Februari ikikukuta, ina kazi yake nzuri. Palilia magugu yaliyoota kabla hayajashika, lima udongo ukiwa laini, weka samadi iliyoiva, chimba mashimo ya ndizi. Tia mbegu ya sukuma wiki kwenye nasari ndogo unayoweza kumwagilia kwa mtungi, funika na nyasi, maana miche inachukua wiki nne hadi sita kufika kiwango cha kuhamishwa, na ukianza mwisho wa Februari inakuwa tayari wakati mvua yenyewe imeshaingia sawasawa mwisho wa Machi ama Aprili. Saga na managu tupa mstari mmoja leo, mwingine baada ya wiki mbili, mwingine tena baadaye. Mahindi na maharagwe yabaki kwenye mfuko mpaka mkebe ufikishe zile milimita 20 ndani ya siku tatu, donge la chini lishikane, na utabiri wa wiki usionyeshe jua tupu. Kikikosekana hata kimoja kati ya hivyo vitatu, funga mfuko vizuri, weka mahali pakavu panya asifike, ungoje.